Taa za Japani na Karatasi Niliyowapa Polisi

Nina umri wa miaka arobaini na minne. Ni mama wa watoto watatu, na nina duka la vitambaa hapa Gisenyi, palepale babu yangu alipokuwa akiuza. Nitaandika mambo kwa mpangilio, jinsi yalivyotokea. Nikianza kujitetea, najua nitadanganya tena...

Mama yetu alipofariki, mdogo wangu Hamada alikuwa na miaka tisa. Nilimlea mimi. Alipokua akawa dereva wangu, akipeleka sare za shule Mahoko na Mudende kwa gari letu kuukuu la usukani wa kushoto, lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya.

Taa za mbele za gari hilo zilikuwa zimefifia, njano kama jicho la mgonjwa. Nilitafuta nyingine za aina yake, nikakosa. Ndipo nikapata Goma, ng'ambo ya mpaka, jozi iliyofunguliwa kwenye gari la Japani. Safi kabisa! Umbo lilelile, tundu za skrubu zilezile!

Fundi Shabani, mwenye gereji kule Nengo, alizifunga, akaziwasha mbele ya ukuta, kisha akakunja uso.

"Yaya, hizi mafare ni za Japani," aliniambia, akiniita dada mkubwa kama Hamada. "Kule banaendeshaka kushoto, donc mwanga unapanda kushoto. Sisi huku tunapita kuume. Mutu akitembea kuume, hautamuona."

"We Shabani nawe! Zikiwaka hizi, hata watu wa Goma wataanika nguo usiku!"

Alicheka, lakini kidogo tu. "Bon. Gari ni yako. Mi nimesema."

Hamada alikuwa amesimama kando, ufunguo mkononi.

Ukaguzi wa gari ulipofika, nilijua taa zile zisingepita. Basi nilifanya nini? Nilimwambia Shabani arudishe zile za zamani. Tukazisugua kwa dawa ya meno mpaka zikang'aa kidogo. Gari likapita, nikapewa karatasi. Siku iliyofuata nilimwamuru afunge tena za Japani. Nilijiona mjanja! Nani angeumia kwa taa nzuri?

Jioni moja Hamada alikuwa akirudi kutoka Mudende. Ilikuwa ndiyo kwanza saa moja, mvua ilikuwa imekatika, na ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Mzee Munyaneza, mkulima wa huko, alikuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa ukingoni, upande wa kulia.

Hamada alimgonga. Mzee alifia palepale.

Nilipigiwa simu, na nilipofika, dumu moja lilikuwa limemwaga maziwa yake mtaroni. Taa ya kulia ilikuwa imevunjika. Ile ya kushoto ilikuwa bado inawaka, inamulika ukingo wa upande wa pili, mahali ambapo hapakuwa na mtu... Hamada alikuwa akirudia maneno yaleyale kwa polisi.

"Sikumuona. Majani ya kushoto nilikuwa naona moja moja. Kuume kulikuwa kama ukuta mweusi."

Polisi mmoja aliniuliza kama gari lina kasoro. Wasomaji wenzangu, hapo ndipo ningesema! Neno moja tu! Badala yake nilifungua mkoba, nikatoa karatasi ya ukaguzi, nikampa kwa mikono miwili. Akaisoma. Karatasi ilisema taa ni nzima. Basi kosa likabaki la dereva.

Watu wakaanza kusema Hamada alikuwa kwenye simu. Wengine wakasema alikuwa amekunywa, yeye ambaye hajaonja pombe maishani. Binti aliyekuwa mchumba wake akarudisha zawadi. Mahakamani aliulizwa inawezekanaje mtu aone majani ya kushoto, asione baiskeli nzima ya kulia. Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili... nilijua jibu, nikanyamaza. Akafungwa mwaka mmoja.

Tangu siku hiyo upande wa kulia unanitisha. Nikitembea, nakwepa ukingo wa kulia kana kwamba kuna mtu nitamkanyaga. Dukani nilihamisha kiti changu ili kulia kwangu kuwe ukuta. Nasikia dumu likibingirika, nageuka, kumbe ni mteja amesogeza kigoda. Nani ningemwambia? Ningemwambia nini?

Kisha mjane wa mzee akaja dukani. Nilidhani amekuja kunilaani. Alikataa kukaa. Akaniuliza jambo moja tu.

"Mama, nasikia yule kijana ni mudogo wako. Niambie kweli. Alimuona mume wangu akamudharau, ao hakumuona? Nataka kujua tu, juu nashindwa kulala."

Nilimwambia sijui. Nilimwambia sijui, mama yule mwenye viatu vilivyojaa matope ya Mudende, aliyeshuka mlima mzima kwa ajili ya jibu nililokuwa nalo mdomoni! Alishukuru, akaondoka. Alishukuru!

Siku ya kutembelea wafungwa iliyofuata, nilienda. Hamada alikuwa amekonda. Nilimweleza yote huku nikilia: ukuta wa Shabani, dawa ya meno, karatasi. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akasema:

"Yaya, mi nilikuwa pale kwa Shabani. Nilisikia yote."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema mahakamani.

"We ulinilea. Na we iko na watoto. Nilisema, acha Yaya aseme mwenyewe. Kila siku ya visite nilikuwa nasema, leo atasema." Akatazama mikono yake. "Uliniletea sabuni. Uliniletea sukari. Bon... leo umesema."

Hakuniambia amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Kutoka hapo nilienda polisi, nikaeleza yote, nao wakaandika. Kesho yake nilipanda Mudende, nikamwambia mjane kwamba mdogo wangu hakumuona mume wake, na kwamba aliyemficha gizani ni mimi, kwa taa zangu. Aliingia ndani na kufunga mlango taratibu. Kesi yangu ingali mbele yangu, na siikimbii.

Ndugu msomaji, kama gari lako ni la zamani na umepata kipuri cha nchi nyingine, usifurahie tu kwamba kimeingia. Uliza kilitengenezwa kwa barabara gani. Fundi akikunja uso, msikilize. Na kama umeshakosea, nakusihi, sema mapema, kabla mtu anayekupenda hajaanza kuhesabu siku akikungoja.