Sabuni Zilizopotea Kwenye Simu

Kila alasiri, akirudi kutoka shule, Injinia aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu, akavaa kandambili na kwenda moja kwa moja dukani. Jina hilo alipewa na baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, siku alipoifungua redio ya nyumbani vipande vipande akiwa na miaka sita na kushindwa kuiunga tena. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa limemganda.

Duka lilikuwa la mama yake. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye rafu za mbao kuanzia sakafuni hadi darini na dirisha la nondo la kuuzia. Sabuni ilinukia kuliko kitu kingine chochote humo, hata mkate uliokaa karibu nayo ulikuwa na harufu ya kufulia.

Mwaka huo Injinia alikuwa amejiunga na klabu ya kompyuta shuleni. Mwalimu aliwafundisha kutengeneza programu ndogo za simu, naye akatengeneza ya kuhesabu bidhaa za duka. Mzigo ukiingia, unaandika. Ukiuza kitu, unagusa jina lake na idadi inapungua yenyewe. Kitu kikikaribia kwisha, simu inalia. Mwalimu aliisifu sana, akasema Ijumaa ya mwisho wa mwezi atawaalika wenye maduka wa mtaani waje kuiona.

Mama aliifurahia zaidi. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na daktari alikuwa amemwamuru alale tu. Kwa programu ile, iliyowekwa kwenye simu ya duka, angeletewa simu jioni akalifuatilia duka lake akiwa kitandani.

Aliyeitwa kuja kuuza dukani, na kumpokea mtoto atakapozaliwa, ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Na tangu siku ya kwanza yeye na Injinia hawakupatana.

“Maandishi gani haya? Yamejaa kama chawa,” shangazi alisema, akiisogeza simu mbali, kisha karibu, kisha mbali tena.

“Ni rahisi tu, shangazi. Hata mtoto wa chekechea anaweza.”

“Basi mlete huyo wa chekechea auze dukani, mimi nirudi kwangu.”

Wateja waliokuwa dirishani wakacheka. Injinia hakujua wanamcheka nani, lakini aliumia kama aliyechekwa ni yeye. Kuanzia hapo, shangazi alipouliza kitu kuhusu simu, Injinia alijibu kwa kuguna na kuvuta pumzi ndefu, kama mtu anayebebeshwa mzigo. Siku ya tatu shangazi akaacha kuuliza. Akawa anagusa anapoona panafaa kuguswa, basi.

Jumamosi mama alimwomba Injinia alinganishe simu na rafu. Unga ulikuwa sawa, chumvi sawa, viberiti sawa. Sabuni hazikuwa sawa hata kidogo. Simu ilihesabu sabuni za kujaza rafu hadi juu, lakini rafuni palikuwa na katoni chache tu. Injinia alihesabu tena. Zilikuwa zile zile.

Mama alimwita shangazi chumbani.

“Wifi, sabuni zangu ziko wapi?”

“Nyingine ziko dukani, nyingine zimeuzwa.”

“Simu inaonyesha hazijauzwa.”

“Kwa hiyo mimi ni mwizi?”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema. Umechagua tu maneno mengine.”

Pesa nazo hazikuweza kumtetea mtu. Zote ziliingia kwenye kopo moja, na humo humo zilitoka za mboga, za dawa ya mama na za maji. Hakuna aliyejua zilitakiwa kuwa ngapi.

Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Alijua kwamba alipaswa kumwonea shangazi huruma. Badala yake alisikia utamu fulani kifuani, akajiambia: sasa atajua nani wa chekechea.

Nyumba ikagawanyika. Shangazi alipika chakula chake kwenye sufuria yake na kula dukani, mgongo ukiwa umeelekea ndani. Mama alimwagiza Injinia awe anamchungulia. Salamu za asubuhi zikafa.

Jumatatu alasiri Injinia alikuwa nyuma ya pazia, akichungulia kama alivyoagizwa, wakati dobi wa mtaa wa pili alipokuja na baiskeli yake.

“Dada, nipe katoni ya sabuni kama zile za wiki iliyopita. Nyumba ya wageni wameniletea mashuka mpaka sina pa kukaa.”

Shangazi alimtolea katoni nzima, akapokea pesa, akazitia kwenye kopo. Kisha akaichukua simu, akakunja uso, akagusa neno “Sabuni” mara moja. Idadi ikapungua moja.

Hapo Injinia akaelewa. Moja ya simu ilikuwa kipande kimoja, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga iwe hivyo. Katoni ilikuwa na vipande ishirini na vinne. Shangazi alikuwa akiuza katoni, simu ikipunguza kipande, na vilivyobaki vikihesabika kama viko rafuni. Palikuwa na pahali pa kuandika idadi kubwa, lakini alikuwa amepaficha nyuma ya vidoti vitatu kwenye kona ya kioo, na hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote.

Ilimpasa aseme pale pale. Hakusema. Alifikiria Ijumaa na wenye maduka. Alimfikiria mwalimu. Akafikiria pia jinsi shangazi angemtazama, akaona ni afadhali airekebishe programu kimya kimya na mambo yapite.

Kesho yake, kwenye klabu, aliongeza kitufe cha katoni. Mwalimu alisimama nyuma yake, akatazama.

“Vizuri. Kosa hili kaligundua nani?”

“Mimi.”

“Na yule anayeitumia dukani anasemaje?”

Injinia aliinamia kompyuta, akajifanya anatafuta herufi.

Aliporudi nyumbani alimkuta shangazi anafunga begi. Dirisha la duka lilikuwa limefungwa mchana kweupe.

“Mwache aende,” mama alisema kutoka chumbani, sauti ikitetemeka. “Aliyeniibia hawezi kunipokelea mtoto.”

“Naenda,” shangazi alijibu. “Na kaka yangu akirudi safari, mtamweleza wenyewe mlichoniita.”

Mama alijaribu kuinuka, akashika kiuno na kurudi kitandani akiwa ameuma meno. Baba alikuwa mbali, siku nyingi za barabara. Injinia alimtazama mama, akalitazama begi, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

“Sabuni hazikuibwa. Programu yangu ndiyo ina kosa.”

Akaeleza yote: katoni, kipande, vidoti vitatu, dobi.

“Umejua lini?” mama aliuliza.

“Jana.”

“Jana! Nimelala na kinyongo usiku kucha, na wewe uko chumba cha pili unajua?”

Shangazi hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Injinia kuliko kelele.

“Nilikuona nyuma ya pazia,” alisema polepole. “Nikajua unautafuta wizi wangu. Kumbe ulikuwa umeshauona ukweli wangu, ukaukalia.”

“Nisamehe, shangazi.”

“Samahani ya mdomoni siitaki. Wifi, nawe unasemaje?”

“Nimekukosea,” mama alisema, machozi yakimshuka. “Nimekukosea sana.”

“Sana,” shangazi alikubali. Hakutabasamu. Akakaa juu ya begi lake katikati ya ukumbi, akanyoosha mkono. “Leta hiyo simu. Nakaa kwa sababu ya huyo aliye tumboni. Yeye hajanitukana bado.”

Siku mbili zilizofuata hazikuwa za kirafiki. Shangazi alitoa masharti: Injinia akae kando, asimshike mkono, na akiguna mara moja tu, begi linabebwa. Shangazi aliuza, Injinia akatazama kidole chake kinakwama wapi. Kilikwama pahali pengi. Maneno “Rekebisha Akiba ya Awali” shangazi aliyasoma mara tatu.

“Maana yake nini hii?”

“Ni kubadilisha idadi ukikosea.”

“Si uandike ‘Nimekosea’? Unamwandikia nani barua ya serikali?”

Injinia aliuma ulimi asigune. Usiku ule aliandika “Nimekosea”, akakuza herufi, akaweka picha mbili, ya kipande na ya katoni, kubwa kama viganja vya mtoto.

Shangazi alipoziona aligusa moja, kisha nyingine. “Na mimi nilifanya kosa,” alisema, akitazama pembeni. “Nilipouza katoni ya kwanza nikaona imepungua moja, nilishuku. Lakini nilikuwa nimechoka kuguniwa, nikanyamaza.”

Ijumaa wenye maduka walijaa darasani, mikono wameikunja. Muuza vifaa vya ujenzi, jitu la sauti nzito, hakungoja maelezo yaishe.

“Hicho ni kichezeo cha watoto. Kikikosea je? Kitaniambia kijana wangu wa dukani ananiibia?”

Mwalimu alitaka kujibu, lakini Injinia akamtangulia.

“Kinaweza. Kilishamwita shangazi yangu mwizi. Kosa lilikuwa langu, na nilipolijua nilikaa nalo siku nzima.”

Kisha shangazi, aliyekuja na simu ya duka, akainuka kutoka nyuma, akapita katikati yao akiwasukuma kwa mabega, akaweka simu mezani na kuigiza anauza katoni, kisha kipande, akakosea makusudi na kufuta.

“Niliyeitwa mwizi ni mimi,” alimwambia yule muuza vifaa. “Na hii ya sasa naitumia. Wewe unaogopa nini?”

Kabla jua halijazama, muuza vifaa alikuwa amekubali programu iwekwe kwenye simu yake.

Njiani kurudi, Injinia alidhani shangazi atamsifu. Karibu na nyumbani shangazi akasimama.

“Nisikilize. Simu haioni aibu. Ikikosea, inakaa tu inawaka. Aibu inabaki kwa aliyeitengeneza, na asipoibeba mapema, ataibeba mtu mwingine asiye na hatia. Ukiona kosa lako, liseme siku hiyo hiyo, hata kama anayeumia ni mtu usiyempenda. Hasa huyo. Na ukimtengenezea mtu kitu akashindwa kukitumia, kikague kitu kwanza kabla hujamcheka mtu. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, shangazi.”

“Tutaona,” shangazi alisema, akaingia ndani kumwangalia wifi yake.