Ukigusa Umecheza

Jumamosi hiyo Akech, jirani yetu wa Namuwongo, alifua nguo, akazianika, akanywa chai kwa muhogo, kisha akachukua ubao wa sataranji wa marehemu kaka yake, akaelekea Nateete. Hakuwa na haraka. Hasira yake ilikuwa na umri wa miaka minane, ingeweza kungoja stendi kama abiria wengine.

Ukumbi wa huko ulikuwa umefurika kwa ajili ya Fadhul. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya akiwa grandmasta, cheo cha juu kabisa katika mchezo huo, na siku hiyo angecheza na watu ishirini kwa mpigo, akizunguka meza hadi meza. Vigelegele vikapigwa. Watu bwana! Hakuna aliyeuliza cheo hicho kilianzia wapi.

Kilianzia kwenye uongo. Katika sataranji, ukigusa kete umecheza. Huna ruhusa ya kubadili mawazo. Miaka minane nyuma, Oryem, kaka yake Akech, alikuwa anamshinda Fadhul katika mechi ya kugombea nafasi ya kwenda kushindana ng'ambo. Ghafla Fadhul akamwita mwamuzi, akasema Oryem amemgusa malkia wake kisha akajifanya hakumgusa. Oryem aliapa kwa kila kitu. Wapi! Alilazimishwa kumsogeza malkia, malkia akaliwa, mechi na nafasi vikaenda kwa Fadhul. Tangu hapo akaitwa mwizi kila alipoketi mbele ya ubao, na akafa kwa homa na jina hilo hilo. Akech alitaka jambo moja tu: Fadhul aseme ukweli mbele za watu.

Akech alikuwa ameketi kati ya wale ishirini, ubao wa kaka yake mezani. Fadhul alipofika mezani kwake alimtambua. Akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Akech kuliko tusi.

"Pole ya kaka yako, nnyabo," alisema, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima.

"Mimi hapana taka pole. Wewe cheza."

Akech hakuwa mchezaji. Alijua kete zinavyotembea, basi. Lakini kila Fadhul alipozunguka na kurudi, mkono wa Akech ulikwenda wenyewe, na Fadhul akaanza kukawia pale. Akawa anafuta jasho. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limejaa madirishani, na Akech alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Fadhul akamshika malkia wake mweupe. Akasita. Akataka kumwacha.

Mkono haukutoka.

Akavuta. Akavuta tena, kwa mkono wa pili. Ubao haukutikisika. Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Mwambie aniache," alinong'ona.

"Sema kwanza."

"Akech, naumia."

"Sema!"

Kidole kimoja kikapinda kinyume. Mfupa ukalia. Fadhul akapiga ukelele, ukumbi mzima ukasikia: "Oryem hapana gusa! Mimi nilidanganya! Yeye hapana gusa hiyo malkia!"

Mkono ukaachiliwa. Mwamuzi yule yule wa siku ile alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa. Waliokuwa wakipiga vigelegele sasa walizomea, vinywa ni vile vile. Akech akalia kwa sauti.

"Umesikia, kaka," alisema. "Sasa pumzika."

Fadhul alikuwa ameukumbatia mkono wake. Hakumtazama Akech. Alitazama nyuma ya kiti chake.

"Oryem mimi namjua," alinong'ona. "Tulikua pamoja. Huyu hapana Oryem."

Akech hakugeuka. Alikusanya kete moja moja, akafunga ubao, akatoka bila kuaga. Hasira yote ilikuwa imemwisha, na sasa aliogopa hata kuvuta pumzi.

Nyumbani alifungua dirisha, akamwinua malkia mweupe kwenye mwanga. Alama za mkono zilikuwa zimezama ndani ya mti, kana kwamba mti ulikuwa ugali wa moto. Akazihesabu. Akazihesabu tena, polepole.

Gumba moja. Na vidole sita.