Kaka Mkubwa Aseme Mwisho

Kila asubuhi Mama Pacha alianza kazi kwa kufuta vumbi. Alifuta viatu vya shule, safu tatu, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Vyote vilikuwa vyeusi, vyote vipya, na vyote havikuwa na mwenyewe.

Karakana ilikuwa sebule ya nyumba yao. Waliofanya kazi humo walikuwa watatu: yeye, mumewe, na kaka wa mumewe, ambaye wote walimwita Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa alikata ngozi. Mumewe alibandika soli. Yeye alishona kwa cherehani, karibu na mlango. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha viatu vya plastiki vikajaa madukani, vyepesi na rahisi, na wateja wakapotea.

Siku moja jirani yao, nesi wa hospitali, aliingia na viatu vyake vya kazini mkononi. Soli zilikuwa zimeachama.

"Hodi jamani! Nitilieni soli mpya. Nasimama kutwa nzima, miguu inawaka moto."

"Dada, hapa ni kiwanda," Kaka Mkubwa alijibu bila kuinua macho. "Hatutii viraka."

Nesi akatoka. Alikuwa mtu wa tano kurudishwa wiki ile. Mama Pacha alijua, kwa sababu ndiye aliyekaa mlangoni. Lakini alinyamaza.

Mchana walifanya kikao. Kaka Mkubwa alikifungua, akazungumza peke yake, akakifunga.

"Nimeamua. Tutashona vya kahawia. Watu wamechoka na vyeusi."

"Sawa, kaka," alisema mumewe.

"Sawa, shemeji," alisema Mama Pacha.

Mwezi uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Waliamua kuweka vifungo vya kung'aa. Vifungo viling'aa palepale kwenye rafu. Hata panya hakuvitazama.

Walipobaki wawili, mumewe alisema polepole, "Mwezi huu ukiisha hivi, mke wangu, mimi naenda machimboni."

Mama Pacha aliyajua machimbo. Wanaume wa machimboni walirudi na kikohozi kisichopona. Wengine hawakurudi. Alikwenda uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Nesi alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua.

"Una nini, mwenzangu?"

Mama Pacha akamweleza yote.

"Kwani shemeji yako umemwambia unayoyaona pale mlangoni?"

"Akishasema yeye, mimi niseme nini? Nitaonekana mbishi."

"Sisi pia wodini tulikuwa hivyo," alisema Nesi. "Daktari mkubwa akisema, wote tunatikisa vichwa. Siku moja mfagizi aliona mgonjwa anabadilika rangi. Akanyamaza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Yule mgonjwa tulimpoteza. Tangu siku ile, mdogo anaanza kusema, mkubwa anamaliza."

Jumamosi Nesi alibisha hodi tena.

"Kaka, nipe nusu saa tu. Halafu uendelee na ukubwa wako."

Kaka Mkubwa alinuna, lakini hakumfukuza. Nesi akagawa karatasi.

"Kila mtu aandike peke yake, bila kusemezana. Watu wanaomba nini, nanyi mnakataa? Mikono yenu inaweza nini? Mkimaliza, mtasoma. Mama Pacha kwanza, Kaka mwisho. Asichekwe mtu."

Mama Pacha akasoma. "Wiki hii watu watano walitaka kutiwa soli. Tuliwarudisha."

Mumewe akasoma. "Viatu vya plastiki vinakatika upesi. Naweza kuvishona. Sitaki kwenda machimboni."

Zamu ya Kaka Mkubwa ikafika. Karatasi yake ilikuwa na neno moja tu.

"Sijui," alisoma. "Sijui tangu mwaka jana. Niliogopa mkijua, mtakata tamaa."

"Kumbe tulishakata, kaka," alisema mumewe. "Kila mtu kivyake."

Hakuna aliyecheka.

"Basi msigeuze kila kitu kwa siku moja," alisema Nesi. "Chagueni jambo moja, mkalijaribu kwa wiki mbili. Na mkubaliane leo mtajuaje kama linafaa."

Walikubaliana kutengeneza viatu vya watu vilivyoharibika. Wakija watu ishirini katika wiki mbili, wataendelea. Idadi hiyo isipofika, watakaa tena na karatasi.

Wiki ya kwanza walikuja wanne. Mama Pacha hakuweza hata kula. Mumewe alianza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Ngozi nayo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Kaka Mkubwa alishusha viatu vya shule alivyovikata mwenyewe, akavifumua kimoja kimoja ili wapate viraka. Alifanya kazi hiyo akiwa amewapa mgongo.

Wiki ya pili Nesi alileta karibu wodi nzima. Wenye viatu vya plastiki wakafuata. Jumla walikuwa ishirini na watatu.

Safu mbili za viatu vya shule bado zimesimama ukutani, na vumbi bado linafutwa. Lakini mwezi uliisha, na begi likarudi tupu chini ya kitanda.

Siku ya kikao kilichofuata, Kaka Mkubwa alifungua mdomo kama alivyozoea. Akaufunga. Akamgeukia aliyekaa mlangoni.

"Anza wewe, shemeji."