Pikapu Iliyopimwa Ikining'inia

Sitazunguka: siku ile mjinga nilikuwa mimi, na mtoto wa darasa la sita ndiye aliyekuwa fundi.

Nina karakana Ibadakuli, Shinyanga. Kila jioni binti yangu Ndaki akitoka shule hubadili sare, hula alichowekewa, kisha huja kunishikia futi ya kupimia. Wiki ile nilikuwa nimechoka hadi kope zinauma. Mama Blessing, muuza dagaa, alikuwa ameniletea pikapu yake niiinue, maana mvua zilikuwa zimechimba barabara ya Nkome, anakofuata dagaa, na tumbo la gari lilikuwa linakwaruza chini. Alikuwa ametoka kufunga matairi manne mapya.

"Baba Ndaki, haya ndiyo ya mwaka mzima," alinionya. "Yakifa, na biashara yangu imekufa."

Nilifunga springi ndefu. Sasa gari likiinuliwa, vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele hubadili mkao, na magurudumu huanza kutazama pembeni kama mwanafunzi asiyependa hesabu. Lazima uyapime upya: nafasi kati ya matairi mawili kwa mbele yake, halafu kwa nyuma yake. Tulipima. Vipimo vikalingana.

"Baba, gari bado liko kwenye jeki," Ndaki akasema. "Magurudumu yananing'inia. Si huwa unalishusha kwanza, tukalisukuma mpaka likae?"

"Mwalimu Ndaki, darasa limefungwa. Beba futi twende nyumbani."

Hakurudia. Asubuhi Mama Blessing alipokuja kuchukua gari aliuliza kama nimepima. Nikajibu nimepima. Ndaki alikuwa anatazama viatu vyake.

Wiki mbili baadaye pikapu ilirudi ikivutia kushoto. Mama Blessing alishuka polepole, mabega yamemkakamaa kwa kushindana na usukani kutoka Nkome. Matairi ya mbele yalikuwa yamelika upande wa ndani, laini kama kisigino cha ndala kuukuu.

"Ni barabara hiyo, mama," nikasema. "Inakula kila kitu."

"Shikamoo, mama," Ndaki akaingilia, sauti ikiwa chini. "Tulipima gari likiwa kwenye jeki. Nilimwambia baba mara moja, halafu nikanyamaza."

Nilitamani kuingia chini ya gari nisitoke.

"Marahaba, mwanangu," Mama Blessing akamjibu. "Umefanya vizuri kusema. Ila siku nyingine ukiona kosa, sema tena, hata kama mkubwa amechoka. Aliyeshika usukani nilikuwa mimi, si yeye."

Tulishusha gari, tukalisukuma mbele na nyuma mpaka springi zikakaa. Tukapima. Nafasi ya mbele ilikuwa imezidi ya nyuma kwa upana wa kidole kizima. Nikarekebisha vyuma vya usukani, tukapima tena, na tena, Ndaki akisoma namba kwa sauti kama anaita mahudhurio. Matairi mawili nikaahidi kuyanunua mwenyewe. Tulipolijaribu, gari lilinyooka bila kubembelezwa.

Ningenyamaza hapo, ningeonekana nina akili.

"Lakini tuseme kweli, Mama Blessing," nikasema nikijifuta grisi, "barabara nayo ina lake."

Mama Blessing aliinama, akapapasa matairi ya nyuma, bado mapya, meno yake yote yapo.

"Na haya, Baba Ndaki, yalipita angani?"