Mstari Mwekundu Kwenye Tangi

Soko la vitu vilivyotumika, Jumamosi asubuhi, ni mahali pa kukanyagana. Watu wamebeba magodoro kichwani, redio mbili zinashindana kwa kelele, na kila muuzaji anaapa kwamba bidhaa yake ilitoka kwa mtu msafi. Humo ndimo alimoingia muuguzi wa wodi ya figo, ametoka zamu ya usiku, sare ya samawati imekunjamana chini ya sweta la kijivu, macho mekundu. Alikuwa anatafuta tangi la kioo. Alipoliona akaliwekea mkono, na upande wa pili mkono mwingine ulikuwa umeshatua.

"Dada, hili nimelishika mimi."

"Umelishika saa ngapi? Mimi nimeliona tangu niko kule kwenye masufuria."

"Kuona ni bure, dada. Hata mimi magari nayaona kila siku."

Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli lina madoa ya grisi, kalamu nyekundu sikioni. Fundi friji. Alitaka kuvikata vile vioo awe anatengenezea rafu za friji za wateja. Muuguzi akamkazia macho, yale macho anayowakazia wagonjwa wanaokunywa maji kwa kujificha.

"Yaani ulivunje? Mimi nataka kufuga samaki. Wa maji ya chumvi."

"Una nafasi?"

"Chumba na sebule, ghorofani. Nitaiuza meza ya kulia. Kwanza nakula nimesimama."

Fundi akacheka, kisha akaona mwenzake hatanii, akaacha. Akaliinamisha tangi na kupitisha kidole kwenye kona.

"Hapa linavuja. Ukilijaza hivi, jirani wa chini atakutoa jasho. Nitakubebea, nikuzibie."

"Kwa bei gani?"

"Chai tu. Yenye sukari."

Chai ikawa ya kwanza kati ya nyingi. Fundi akaziba kona kwa gundi ya vioo, akatengeneza meza ya tangi kwa chuma cha friji lililokufa, akakata na mfuniko wa kuzuia maji yasikauke, akafufua pampu kuukuu iliyokuwa ikikoroma mithili ya mzee mwenye mafua. Mawe ya kuweka ndani hayakuwa yale ya bei mbaya, yanayotoka baharini yakiwa na viumbe hai. Yalikuwa makavu, na muuguzi aliyasugua kwa mswaki wiki nzima kwenye beseni la kufulia, akisinzia na kuamka. Chumvi tu ndiyo hawakuifanyia ubahili. Walinunua ile ya samaki, ndoo nzima, na wakaupa rambirambi mfuko wao.

Halafu wakangoja. Tangi jipya la chumvi halitiwi samaki siku ile ile. Lazima maji yakae wiki kadhaa yakomae. Jioni wakawa wanakaa kwenye kochi, miguu ya muuguzi imevimba, imewekwa juu ya mapaja ya fundi.

"Kwa hiyo tunatazama maji tu?" fundi aliuliza.

"Tunatazama maji. Kwani umechoka?"

"Nikiwa na wewe? Naweza kutazama hata ukuta."

"Muongo mkubwa wewe," akasema muuguzi, na kulala hapo hapo na kikombe mkononi.

Jioni moja fundi akamwomba waoane. Muuguzi hakujibu upesi. Alichukua ile kalamu nyekundu sikioni mwa fundi, akachora mstari kwenye kioo pale maji yalipofika.

"Aliyekuwa mume wangu aliniambia kwangu hakuna kinachoishi," alisema. "Nilikuwa na ua, likakauka. Nikawa na paka, akahama. Yeye naye akamfuata paka. Nashinda hospitali nawahudumia watu, nikirudi sina nguvu hata ya kumwagilia kopo la ua. Sasa nisikilize. Nikimfuga samaki wetu wa kwanza miezi mitatu akiwa hai, nitakujibu ndiyo. Akifa, usiniulize tena."

"Mpenzi, ndoa yangu umeikabidhi kwa samaki?"

"Nimeikabidhi kwangu mimi. Nataka nijijue."

Samaki alikuja kwenye mfuko wa plastiki: mdogo, rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe, na kiburi kingi. Wakamwita Mheshimiwa. Kila mchana muuguzi alipiga simu kutoka wodini.

"Mheshimiwa ameamkaje, baba?" Maana fundi alikuwa na ufunguo, na mchana alipita kuikagua ile pampu.

"Amekula, ametembelea jimbo, sasa anapumzika."

"Na mfuniko wako jamani ni kiboko! Wiki ya tano hii, maji yako pale pale kwenye mstari. Sijaongeza hata tone."

Fundi alitabasamu, akaiacha sifa iende kwa mfuniko. Ukweli ni kwamba maji yalikuwa yanashuka kama kawaida. Ila yeye kila alipofika mchana na kuyakuta yamepungua, alikoroga jagi la maji ya chumvi na kuongeza mpaka kwenye mstari. Samaki wa chumvi, maji ya chumvi. Nani angefikiria vingine? Hakutaka kusifiwa. Alimwona mwenzake akivua viatu kwa kujishika ukutani, akaona heri apate kazi moja iliyokwisha kufanywa.

Mwezi wa pili haukuisha. Muuguzi alirudi jioni na mkate kwapani, akamkuta Mheshimiwa amelala ubavu mchangani.

Akapiga simu. "Amekufa."

"Pole, mpenzi. Usilie basi, ni samaki tu."

Mungu wangu, wanaume! Maneno mengine mtu bora ayameze.

"Ni samaki tu? Sawa. Basi ufunguo wangu uache kwa mlinzi." Akakata, na simu zote zilizofuata hakuzipokea. Hakuwa na hasira hata. Alikuwa amechoka, na sasa aliamini yule mume alisema kweli.

Fundi alimaliza siku nne hali vizuri. Siku ya tano asubuhi akaenda kwa muuza samaki, aulize kosa liko wapi.

"Maji yakipungua mnaongeza yapi?" muuzaji aliuliza.

"Ya chumvi. Kila siku."

"Loo! Ndugu yangu, maji ndiyo yanayokauka, chumvi inabaki. Mchuzi ukikauka jikoni unaongeza chumvi? Unaongeza maji matupu. Mmemkausha samaki wa watu."

Fundi akaketi juu ya ndoo. Angeweza kunyamaza. Baada ya mwezi angerudi na maua na maneno matamu, na huenda angepokelewa. Lakini yule mwanamke angebaki akiamini mkono wake una mkosi. Akainuka.

Saa nane mchana alikuwa mlangoni mwa wodi ya figo, ovaroli lile lile. Muuguzi alitoka akivua glavu.

"Nilikwambia usiniulize tena."

"Sikuja kuuliza. Samaki nimemuua mimi."

Akamweleza yote, jagi kwa jagi, bila kujitetea. Muuguzi alisikiliza, mkono ukapanda mdomoni.

"Mimi nashinda hapa nawapimia watu chumvi," alisema polepole. "Nyumbani nikauamini mstari, chumvi sikuipima." Kisha akamgeukia fundi. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Hukukosea hata siku moja."

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa akalia, na sare yake mwilini, mbele za watu. Fundi akasimama tu, hajui mikono aiweke wapi.

"Kwa nini hukuniambia unaongeza maji?"

"Nilitaka ukirudi ukute kitu kimoja ambacho hakikudai chochote."

"Mjinga wewe." Alipangusa macho kwa kiganja. "Usinitendee tena wema wa siri. Nikichoka niambie, 'leo nimekufanyia hili', na mimi nitasema asante. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ufunguo uliuacha kwa mlinzi?"

Fundi akautoa mfukoni, kwa aibu. Muuguzi akautazama, akaurudisha kwenye kiganja cha fundi na kukikunja.

"Nenda kapunguze yale maji, uongeze matupu mpaka kwenye mstari."

"Tuanze kuhesabu miezi mitatu upya?"

"Ya nini? Miezi ilikuwa ya kunipima mimi, na mimi nimeshajijua." Mgonjwa alikuwa anaita ndani, muuguzi akainuka, akavaa glavu mpya. "Natoka saa kumi na mbili. Unisubiri nyumbani, tumpigie mama yangu simu tukiwa wawili, tumwambie kuna harusi."