Mlango Ulioondolewa Kizingiti

Kila asubuhi baba na mwanawe huvuka ua wa nyumba yao na kuingia karakana. Wao ni maseremala. Wanatengeneza milango. Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wake hutetemeka na mwendo wake umekuwa mzito. Dawa anameza kwa saa zake. Lakini akifika mlangoni, miguu hugoma.

Asubuhi hii imegoma tena. Baba amesimama mlangoni mwa karakana kama aliyegandishwa kwa gundi. Nyuma yake mwanawe amebeba mbao begani.

"Baba, pita."

"Ningeweza, ningekuwa nimepita."

"Uani umetembea vizuri. Ukiona kazi ndiyo miguu inakufa?"

"Unaniita mvivu?"

"Nasema mbao ni nzito."

Mteja aliyekuwa akisubiri alicheka. "Makubwa haya. Fundi wa milango kashindwa na mlango."

Mwana alipandwa na hasira. Alitua mbao, akamshika baba mkono, akamvuta. Mwili ulikuja, miguu ikabaki. Baba alianguka, paji la uso likagonga meza ya kazi.

Mama alikuja mbio. Alimfunga mumewe kitambaa, kisha akamgeukia mwanawe.

"Unamvuta baba yako kama mbuzi wa mnadani?"

"Mama, nifanye nini tena? Nimeng'oa vizingiti vyote, huku na nyumbani, asijikwae. Ndiyo kwanza amezidi. Basi akae ndani. Hapa kuna misumeno."

"Karakana hii nimeijenga mimi," baba alisema. "Nitatoka humu siku nikibebwa."

Mama aliwapeleka wote wawili kliniki.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwasikiliza. Alimfunga baba mkanda kiunoni, akaushika ili asianguke. Alimfunga vidude vidogo vya kupima hatua kwenye vifundo vya miguu. Kisha akamvika miwani mikubwa iliyoziba macho yote.

"Hii ni miwani ya uhalisia pepe," alisema. "Ndani yake ataona mahali pasipokuwepo, kama yuko hapo kweli. Nasi tutaona anachokiona kwenye skrini ile."

Kwenye skrini kulikuwa na ukumbi mpana. Baba alitembea vizuri. Kisha ukatokea mlango mwembamba. Miguu ikaganda.

Mwana aliangalia skrini, akaangalia chumba. Chumba kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mlango wala kazi ya kukwepa.

"Hafanyi makusudi," mtaalamu alisema. "Kwa ugonjwa huu, ubongo unaweza kukwama kuanzisha hatua, hasa penye wembamba. Ukimvuta, unamwangusha."

"Mwambie tena," baba alisema ndani ya miwani. "Hakusikia vizuri."

Mtaalamu alibonyeza kitufe. Kwenye skrini, mstari wa njano ukatokea sakafuni mlangoni.

"Mzee, tulia. Egemea mguu mmoja. Sasa uvuke mstari kwa mguu wa pili."

Baba akavuka.

Mwana akauliza, "Kwa hiyo vizingiti vilikuwa vinamsaidia?"

"Huenda. Vilimpa kitu cha kuvuka. Lakini usivirudishe, vimeinuka, atajikwaa. Chora mistari. Na miwani hii haiponyi. Inatuonyesha anapokwama, na inampa nafasi ya kujifunza bila hatari. Dawa ziendelee, na mazoezi ni hapa, akiwa na msaidizi."

"Na kazi?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa kali.

"Msumeno wa umeme mwachie mwanao. Randa na vipimo, endelea navyo."

Jioni ile mwana alipaka mistari ya njano sakafuni penye kila mlango. Baba aliendelea kwenda kliniki. Bado alikuwa na hasira, na mwana hakumwomba aiache.

Asubuhi moja miguu iligoma tena mlangoni mwa karakana. Mwana alisimama nyuma na mbao zake, akasubiri. Baba alitulia. Akaegemea mguu wa kushoto, akainua wa kulia, akavuka mstari. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango mpya uliokuwa mezani, akapitisha kiganja ukingoni.

"Nani kapiga randa kinyume na nyuzi za mbao?"

"Mimi, baba."

"Umewahi kuniona nikifanya hivi?"

"Hapana."

"Basi lete randa. Na usogee, unaniziba mwanga."

Mwana akasogea.