Kikombe cha Akko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hawo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji kwenye mfereji ulio karibu na lango. Ya pili ilikuwa kumchunga Akko. Ndiyo, kumchunga! Kule kwao Korbesa alikuwa akichunga mbuzi, lakini sasa mbuzi hawakuwapo, na aliyehitaji kuchungwa alikuwa bibi yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, kaskazini mwa Kenya, kati ya serikali na waasi. Familia nyingi za wafugaji zilikuwa zimehamishwa na kukusanywa pembeni mwa mji wa Isiolo, ndani ya ua wa miiba wenye lango moja tu na askari wenye bunduki. Jua likishatua, ilikuwa marufuku kutoka. Aliyeonekana nje ya ua alidhaniwa kuwa adui, na risasi haiulizi mtu jina. Baba yake Hawo alikuwa amekwama mbali, huko Sericho, na ng'ombe wao walikuwa wamekwisha. Kwenye kibanda chao walibaki Mama Umulkheir, Hawo, mdogo wake Guyo, na bibi yao mzaa baba. Bibi huyo aliitwa Gababo, lakini kila mtu alimwita Akko, maana Waborana humwita bibi hivyo.

Akko hakuwa mtu wa kusahau! Zamani aliweza kukutajia kila ng'ombe wa boma, mama yake na mama wa mama yake, bila kukwama. Sasa alikuwa akimtazama Hawo asubuhi na kumuuliza kwa upole, "Wewe ni mtoto wa nani, mama?"

Hawo alikuwa akijibu, "Mimi ni Hawo, Akko. Mjukuu wako." Kisha alikuwa akibeba mtungi na kwenda mferejini huku akijifuta macho. Ukiulizwa hivyo na mtu aliyekulea mgongoni, inauma.

Jioni moja, wakati lango linafungwa, Akko alichukua fimbo na kutoka. Nanok, askari wa lango, alimdaka mkono bibi akiwa tayari amelipita.

"Unaenda wapi, mama mzee?"

"Dimtu hajarudi," Akko alisema. Dimtu alikuwa ng'ombe wake mwekundu, aliyekufa kitambo. "Ndama wake analia. Husikii?"

Nanok alimrudisha nyumbani polepole. Alisimama mlangoni, akamwambia Mama Umulkheir, "Mama, mimi namjua bibi huyu. Lakini askari wa zamu nyingine hamjui. Akiona kivuli kinatembea huko nje, atapiga. Mtafute njia, tafadhali."

Majirani wakaja, kila mmoja na neno lake. Mmoja akasema ni jini. Mzee Duba, aliyekuwa mkubwa wa kijiji na asiyependa kubishiwa, akakata shauri. "Jini gani? Huo ni uzee, na uzee hauna dawa. Mfungeni kamba, awe salama."

Ilibidi. Mama akatoa kamba ya kufungia ndama, kitu pekee kilichobaki cha boma lao, akamfunga Akko mguu kwenye nguzo ya kibanda.

"Mama, Akko si ndama!" Hawo alilia.

"Unataka apigwe risasi?" Mama naye alikuwa akilia.

Akko aliitazama ile kamba, akawatazama wote, akauliza, "Nimekosa nini?"

Kulipokucha, Hawo alimng'ang'ania mama yake. "Tumpeleke kwa dresa. Mara moja tu, Mama. Akisema ni uzee, sitasema tena." Mama hakupenda kupeleka shida za nyumbani kwa watu asiowajua, lakini alikuwa amechoka kuitazama ile kamba. Akamfungua Akko, wakaenda.

Dresa, yaani mtabibu wa zahanati, aliitwa Kaimenyi, Mmeru kutoka milimani, mtu mrefu wa sauti ya chini.

"Habari zenu? Karibuni. Bibi, keti hapa." Akamgeukia Mama. "Alianza lini kusahau?"

"Baada ya kuhamia hapa. Zamani alikuwa mzima kabisa."

"Ameanguka, akagonga kichwa? Amekuwa na homa? Kuna dawa yoyote anatumia, hata ya miti?"

"La, hakuna."

Kaimenyi akaichukua mikono ya Akko. Ngozi ya juu ilikuwa nyeusi, imekauka na kubambuka kama iliyoungua, na shingoni vilevile. Akamwomba atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu, wenye vidonda.

"Anaharisha?"

Mama aliinamisha kichwa. "Mara kwa mara."

"Na chakula? Anakula nini?"

Mama Umulkheir akanyoosha mgongo. "Sisi ni watu wa ng'ombe, Daktari. Anakunywa maziwa, anakula vizuri, alhamdulillahi."

Unaona, kwao mtu haendi kwa mgeni kutangaza njaa. Afadhali ulale na njaa kuliko jirani ajue hujala. Tena Mama hakujua yote. Kwa heshima, hakuwahi kuketi akamtazama mama mkwe wake akila. Alikuwa akimwekea mgao wake, maharagwe na kikombe cha maziwa ya unga pamoja na ugali, kisha akitoka nje.

Kaimenyi alikunja uso. "Nilikuwa nadhani nimejua ugonjwa wake. Lakini kama anapata maziwa kila siku, basi si huo. Pengine ni uzee tu."

Hawo alijua! Mama akishatoka tu, Akko alikuwa akimimina maziwa yote kwenye vikombe vya Hawo na Guyo, na maharagwe akiwasukumia wao. Yeye alibaki na ugali mkavu. "Msimwambie mama yenu," alikuwa akisema. "Chakula cha mkono wa bibi hakisemwi." Na hata alipoanza kupotewa na akili, hilo hakuacha. Alisahau jina la Hawo, lakini hakusahau kummiminia maziwa.

Akisema, atamwaibisha mama yake mbele ya mgeni na kuitoa siri ya Akko. Akinyamaza, ile kamba inamngoja bibi yake nyumbani.

"Si kweli," Hawo alisema kwa sauti ndogo. "Akko hanywi maziwa. Anatupa sisi. Maharagwe pia. Yeye anakula ugali mtupu."

"Hawo!" Mama alivuta mtandio, akajifunika uso. "Unatuvua nguo mbele ya watu?"

"Mwache, mama," Kaimenyi alisema. "Huyu ndiye aliyetusaidia leo. Na wewe sikulaumu. Nani anapenda kusema shida zake?"

Akavuta kiti karibu. "Ugonjwa huu unaitwa pelagra. Humpata mtu anayekula mahindi tu siku zote. Huharibu ngozi, huharibu tumbo, na mwisho huvuruga akili. Ni kweli, kuna wazee ambao ubongo wao huugua, wakasahau, na dawa yake hatuna. Lakini homa kali, pigo la kichwa, hata kukosa chakula fulani, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane hivyo hivyo. Ndiyo maana tunauliza kwanza, hatusemi tu 'ni uzee' tukaenda kulala. Huyu nina tumaini naye."

Akawapa vidonge, akawaambia Akko ale maharagwe, njugu na maziwa yake mwenyewe, kila siku.

Jioni ile Mama Umulkheir alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Aliweka chakula, akaketi mbele ya mama mkwe wake na kukodoa macho. Akafanya hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Siku moja Akko akasukuma bakuli kwa hasira.

"Haya ni mambo gani? Tangu lini mke wa mwanangu akanitazama nikila? Huna haya, Umulkheir?"

Mama akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio! Akko alikuwa amemjua, tena alikuwa amemgombeza vilevile kama zamani.

Mikono yake ilichukua muda kupona, na akili ilirudi kidogo kidogo. Kaimenyi alipokuja kumwona, alimkuta Mzee Duba amekaa kando ya Akko, wakibishana juu ya ng'ombe wa zamani. Mzee Duba alikohoa.

"Daktari, mimi ndiye niliyesema afungwe kamba."

"Ulitaka awe salama, mzee. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hawo alisema ukweli wenye aibu, na kwa ukweli huo bibi amepona. Mgonjwa wenu akibadilika, msikimbilie kamba. Ulizeni sababu, na mkiulizwa, jibuni kweli."

Dresa alipoondoka, Akko alichukua kikombe chake cha maziwa. Akatazama mlangoni, akakisogeza taratibu kuelekea kikombe cha Guyo. Hawo akakifunika kikombe cha Guyo kwa kiganja.

"Hapana, Akko. Kunywa wewe."

Akko alimtazama, macho yakiwa yamelowa.

"Haya basi, Hawo," akasema, na akanywa.